Waya wa meno: mnagombania vifungo wakati kazi inafanywa na waya

KoleoNaWaya (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Kila nikikaa kijiweni hapa Chumbageni, Tanga, na watu wakajua ninachofanya, swali ni lile lile: brakiti zipi nzuri? Za chuma, zile nyeupe, au zile zinazojifunga zenyewe? Mzazi atabishana wiki nzima juu ya vile vifungo vinavyogundishwa kwenye jino, lakini waya unaopita ndani yake hajui hata ni wa madini gani. Nimeona nifungue uzi tuongee.

Niseme mapema, mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya meno, nakunja nyaya na kutengeneza pleti, vile vifaa vya plastiki na waya vya kuvaa na kuvua mdomoni. Nitaongea upande wa chuma. Matibabu waulizeni wenyewe.

Jino halijashikana na mfupa moja kwa moja. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi, unene wake haufiki milimita. Ukilisukuma jino taratibu bila kuacha, upande unaobanwa mwili unaleta seli za kula mfupa, na upande wa nyuma zinakuja seli za kujenga mfupa mpya. Jino linahama pamoja na tundu lake. Ukizidisha nguvu, mishipa midogo ya damu kwenye ule utando inabanwa, damu haipiti, seli za pale zinakufa, na jino linagoma mpaka mwili usafishe uchafu huo. Unapata maumivu na mwendo huupati. Kwa hiyo yule anayemwambia daktari "kaza sana niwahi kumaliza" anajichelewesha mwenyewe, na mzizi wa jino unaweza kuliwa ukafupika.

Nguvu zenyewe ni ndogo mno. Kuliinamisha jino la mbele zinatosha gramu 35 hadi 60. Kulizamisha kwenye mfupa, gramu 10 hadi 20. Mwendo wa kawaida ni kama milimita moja kwa mwezi. Sasa shida ya anayebuni springi, yaani waya wa kusukuma jino, ni kupata kitu kinachosukuma gramu hizo chache na kiendelee kusukuma hivyo hivyo hata jino likishasogea. Springi ngumu inaanza kwa kishindo, jino likisogea robo milimita nguvu imekwisha.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Ukakamavu wa waya wa duara unapanda kwa kipenyo chenye kipeo cha nne. Ukitoa waya wa inchi 0.014 ukaweka wa 0.018, kwa macho huoni tofauti, lakini ukakamavu umepanda mara 2.7. Urefu unafanya kinyume: ukirefusha sehemu ya waya iliyo huru mara mbili, ukakamavu unashuka hadi moja ya nane. Ndiyo maana sisi wa pleti tunauzungusha waya kijiduara kabla ya kuupeleka kwenye jino. Si mapambo, tunatafuta urefu ndani ya nafasi finyu. Springi ya waya wa milimita 0.5 ukiitengeneza kwa waya wa 0.7, umbo lile lile, inakuwa kali karibu mara nne. Mtoto ataitoa mdomoni aiweke mfukoni, na mama yake atasema mtoto mtukutu.

Madini nitakuja nayo. Kuna kazi mezani.


MtuWaPangani

Nimeweka kigoda. Wataalamu shukeni.


BaiskeliNgamiani

Fundi mwenzangu, kumbe ni kama kunyoosha ringi! Ukikaza spoku za kushoto ringi inakuja kushoto, ukilegeza inarudi. Mimi nanyoosha ringi tangu asubuhi hapa barabara za namba, nikikunja spoku mbili tatu si nafungua kliniki?


KoleoNaWaya

Hahaha, ami, tulia kwanza. Spoku ya kawaida ni milimita 2. Ukiilinganisha na waya wangu wa 0.5, kwa urefu ule ule, ukakamavu ni mara 256. Hiyo haisogezi jino, inalitoa.

Halafu ringi inakutii hapo hapo ukikaza nati. Jino linasubiri mfupa uliwe kwanza, ukikaza leo matokeo utayaona mwezi ujao. Lakini kuna jambo moja umelipata bila kukusudia. Ukivuta spoku upande mmoja, upande wa pili nao unavutika. Mdomoni ni hivyo hivyo: huwezi kulivuta jino la mbele kurudi nyuma bila gego ulilolishikilia kuvutwa kuja mbele kwa nguvu ile ile. Wenyewe wanaliita suala la nanga. Unakusanya magego kadhaa upande mmoja ili mizizi yao mingi ishindane na mzizi mmoja wa chonge, au siku hizi daktari anapiga skrubu ndogo ya titani kwenye mfupa na kuvutia hapo, magego yakae salama.


BintiSahare

Samahani kaka, nina swali. Nilipoanza niliwekewa waya laini kabisa, nikiugusa kwa ulimi unacheza. Sasa hivi nimewekewa mwingine mgumu na una pembe. Nikinywa maji baridi ule wa mwanzo nilikuwa nasikia unalegea, nikadhani umekatika. Ni kawaida?


KoleoNaWaya

Dada, ni kawaida, na umenifungulia mlango wa madini.

Zamani waya ulikuwa wa dhahabu iliyochanganywa. Kuanzia miaka ya 1930 chuma cha pua kikaingia: rahisi, kigumu, hakishiki kutu, unakikunja unavyotaka kinabaki hapo. Ubaya wake ni ule ugumu. Ukikifunga kwenye jino lililokaa mbali na mstari, ama kinapiga kwa nguvu nyingi, ama kinapinda na kubaki kimepinda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, William Buehler na wenzake walikuwa na aloi ya nikeli na titani, karibu nusu kwa nusu, iliyokuwa ikikumbuka umbo lake. Ukiipinda ikiwa baridi, ukiipasha moto inarudi ilivyokuwa. Wakaiita Nitinol. Kwenye meno ililetwa na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukakamavu wake ni kama moja ya tano ya chuma cha pua. Miaka ya 1980 zikaja aina za kutoka China na Japani zenye tabia nzuri zaidi: ukizipinda sana au kidogo, nguvu zinazorudisha karibu ni ile ile. Hiyo ndiyo ndoto ya springi niliyoisema juu.

Wako wa mwanzo ulikuwa wa jamii hiyo, ile inayosikiliza joto. Umetengenezwa ufanye kazi kwenye joto la mdomo. Maji ya barafu yanaubadilisha mpangilio wa ndani, unalegea. Kahawa chungu ya moto unakaza. Wengine maumivu yakizidi wanasukutua kwa maji baridi wanapata nafuu ya dakika chache.

Huu wa pembe ni hatua nyingine. Waya wa duara ndani ya mfereji wa brakiti unaweza kulivuta jino na kulisimamisha, lakini hauwezi kuusokota mzizi kwenda mbele au nyuma, kwa sababu unazunguka tu mle ndani. Wa pembe nne hauzunguki, ukiwa umesokotwa unaupeleka mzizi.

Katikati ya chuma cha pua na nikeli-titani kuna aloi ya titani ya beta aliyoileta Charles Burstone na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukakamavu wake ni karibu theluthi ya chuma cha pua, na tofauti na nikeli-titani unaweza kuikunja ikakubali. Mimi naipenda kwa springi za kufunga nafasi. Ila inakwaruzana na brakiti, haitelezi vizuri, usiitegemee kwa jino linalopaswa kuteleza juu ya waya.

Na mwenye mzio wa nikeli, wale ambao hereni za bei chee zinawatoa vipele masikioni, mwambieni daktari kabla hajaanza.


DaktariMwambao

Fundi, kwa heshima zote, kichwa cha uzi kinapotosha kidogo. Unavyoongea ni kama brakiti ni ndoano ya kuning'inizia waya. Edward Angle, daktari wa Marekani wa kunyoosha meno, alihangaika na jambo hili sehemu kubwa ya maisha yake. Alipitia vifaa kadhaa, na mwaka 1925 akaja na brakiti yenye mfereji wa pembe nne unaotazama mbele, inchi 0.022 kwa 0.028. Uwezo wa waya wa pembe unaoueleza ulizaliwa siku brakiti ilipopata umbo hilo. Bila mfereji, waya wako wa pembe ni fimbo tu.

Tena kabla ya miaka ya 1970 daktari alikuwa anakunja waya kwa kila jino: huku utoke, huku uingie, hapa uiname, pale usokotwe. Daktari mwingine, Lawrence Andrews, akachukua sampuli za plasta 120 za watu wenye meno mazuri ya asili, ambao hawakuwahi kutibiwa, akapima jinsi kila jino linavyoinama. Makala yake ya funguo sita za meno kukutana vizuri ilitoka 1972. Vipimo vile akavihamishia ndani ya brakiti. Sasa brakiti ya jino la mbele la juu ina mwinamo wa digrii 5 na msokoto wa digrii 7, ya chonge la juu ina mwinamo wa digrii 11, na kila jino lina ya kwake. Waya unapita umenyooka, brakiti inajua jino liende wapi. Vile vidoa vya rangi mnavyoviona juu yake ni vya kutambua ni ya jino gani na upande gani. Ukiigundisha ya kulia kushoto, au ukaiweka imeinama, jino litafuata kosa lako kwa uaminifu kabisa.


KoleoNaWaya

Daktari, karibu, na shikamoo yako. Yote uliyoyasema nakubali, hasa la kugundisha. Lakini ngoja nikurudishie mpira. Mfereji wa 0.022, waya mnaomalizia mara nyingi ni 0.019 kwa 0.025. Upana haulingani. Waya unacheza mle ndani karibu digrii 10 kabla haujagusa kuta na kuanza kusokota. Andrews aliweka msokoto wa digrii 7, daktari Roth aliyemfuata akaweka 12, mfumo wa MBT (wa McLaughlin, Bennett na Trevisi) ukapanda hadi 17 kwa jino lile lile la mbele. Kwa nini namba zinapanda? Kwa sehemu kubwa ni kufidia huo mchezo. Brakiti inaandika amri, waya mwembamba unaisoma nusu.


DaktariMwambao

Marahaba. Hapo umenibana, ingawa ningeweza kutumia mfereji wa 0.018 na waya unaojaza vizuri. Chuma cha pua kilipochukua nafasi ya dhahabu kilikuwa kigumu mno kwa mfereji mpana, ndiyo maana wakaupunguza. Mpaka leo kila mmoja anashikilia namba aliyofundishwa chuoni.


MamaTatuMakorora

Jamani nyie mnaongea Kichina. Mimi nauliza ya jikoni. Binti yangu amewekewa vile vyeupe na viraba vya maji maji, nimempikia samaki wa kupaka, asubuhi mdomo mzima njano. Nimesugua mpaka basi.


KoleoNaWaya

Shangazi, hilo ni manjano, na iliyoshika rangi ni raba, brakiti haina neno. Vile viraba vinavyoufunga waya vinanyonya rangi, havisafishiki. Atabadilishiwa akirudi kliniki. Akitaka kula vya kupaka na biriani kwa amani, achague raba za kijivu au za rangi iliyokolea, au afungiwe kwa waya mwembamba wa chuma.

Vyeupe vyenyewe ni vya kauri, alumina ile inayotengenezewa vitu vigumu. Vinapendeza, sikatai. Lakini vina ugumu kuliko enameli, lile ganda la nje la jino, vikiwekwa meno ya chini ya mbele na mtu akawa anauma juu yake, meno ya juu yanasagika. Vinakwaruza waya zaidi, ndiyo maana vingine vimetiwa mfereji wa chuma ndani. Na siku ya kuvitoa vinaweza kupasuka vipande.

Muwa, kashata na mahindi ya kuchoma kwenye gunzi aviache. Embe akate vipande. Mswaki wa mti anaweza kutumia juu ya fizi, lakini chini ya waya haufiki, lazima brashi ndogo.


KijanaWaDuga

Mimi sina pesa ya brakiti. Nimeona mtandaoni mtu kafunga raba ndogo kwenye meno mawili ya mbele, mwanya ukajifunga. Raba zinauzwa rahisi tu. Nijaribu?


KoleoNaWaya

Usijaribu. Nakuomba sana, mdogo wangu.

Jino la mbele limechongoka kuelekea kwenye mzizi, taji ni pana na chini ya fizi linapungua. Raba inatafuta mahali pembamba. Inateleza, inaingia chini ya fizi, huioni tena, unadhani imekatika ukatupa nyingine juu. Huko ndani inaendelea kupanda kwenye mzizi ikikata ule utando na kuula mfupa. Mwanya unafunga kweli, unafurahi, halafu meno yanaanza kulegea na kutoka nje. Vitabu vya meno vina visa vya watu waliopoteza meno yote mawili ya mbele yakiwa mazima bila hata tundu. Raba mdomoni inahitaji kitu cha kuizuia isipande, na hiyo ni mojawapo ya kazi za brakiti ambayo daktari wetu hapo juu hakuitaja.

Hali kadhalika zile waya za fasheni zinazobandikwa saluni. Ule waya nao ni springi, jino halijui kwamba unafanya urembo. Linasukumwa tu, kokote.

Nenda hospitali ya Bombo kwenye meno uangaliwe kwanza. Kuangaliwa si kufungwa waya.


MtuWaPangani

Kwani mwanya una ubaya gani? Huku kwetu mwanya ndio mvuto. Mwacheni kijana na uzuri wake.


KijanaWaDuga

Mzee unanitetea au unanicheka? 😂 Haya, raba nimetupa.


FizikiaKidatoChaSita

Kaka Koleo, umesema kuliinamisha jino gramu 35 hadi 60. Kama nataka lisogee lote wima bila kuinama? Jino limeshikwa ndani ya mfupa, wewe unasukuma taji lililo nje. Si lazima lizunguke?


KoleoNaWaya

Swali la maana kuliko yote humu, na ndiyo roho ya kubuni springi.

Kila jino lina kitovu chake cha ukinzani, kwa jino la mzizi mmoja kiko ndani ya mfupa, upande wa mzizi ulio karibu na fizi, kabla ya kufika nusu yake. Nguvu ikipita pale pale kwenye kitovu jino linahama lote. Lakini huwezi kufika huko, wewe uko nje kwenye brakiti, kama milimita 10 mbali. Kwa hiyo nguvu yako inaleta momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, inayoliinamisha. Dawa ni kuongeza momenti ya pili ya kinyume kupitia kwenye mfereji, kwa waya uliosokotwa au uliokunjwa. Ukivuta kwa gramu 100 unahitaji momenti ya karibu gramu-milimita 1,000 ili jino litembee wima. Uwiano wa 10 kwa 1. Ukiwa na 5 tu, taji linakwenda na ncha ya mzizi inarudi nyuma. Ukifika 12, mzizi ndio unaotangulia.

Sasa chukua kitanzi cha waya cha kufunga nafasi. Kitanzi cha kusimama tu kinatoa uwiano mdogo, jino linalala. Burstone akakipanua juu kikawa umbo la T. Waya mwingi umekaa juu, karibu na kitovu, uwiano unapanda na ukakamavu unashuka kwa pamoja. Kisha unakunja miguu yake kabla ya kukiweka ili momenti iwepo tangu mwanzo. Nikikunja kimoja kikakaa sawa pande zote mbili, siku yangu imekuwa nzuri.

Wengi siku hizi wanatumia springi ya koili ya nikeli-titani inayovuta jino juu ya waya wa chuma ulionyooka. Rahisi, haina kukunja. Mnyororo wa raba ni rahisi zaidi, ila siku ya kwanza tu mdomoni nguvu yake inashuka karibu nusu, na huo msuguano wa waya unakula nyingine.


FizikiaKidatoChaSita

Shukrani. Mwalimu wetu angeanza na hili badala ya ngazi kuegemea ukuta tusingelala.


AliyehamaArusha

Mimi nimekulia kule juu Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia kwa ajili ya maji. Nimehamia Raskazone kikazi. Daktari mmoja aliniwekea brakiti, zikawa zinabanduka kila mara. Gundi feki?


DaktariMwambao

Huenda gundi haina kosa. Tangu Michael Buonocore aonyeshe mwaka 1955, enameli inatiwa tindikali ya fosforasi kwa sekunde chache ili iwe na vitundu vidogo ambavyo gundi inaingia na kushika. Nyuma ya brakiti nako kuna wavu mdogo wa kushika gundi hiyo hiyo. Enameli iliyoathirika na floridi nyingi, kama ya maji ya huko kwenu, inaikataa tindikali, vitundu havichimbiki vizuri. Kuna namna za kuisaidia, kama kuikwaruza kidogo au kuongeza muda wa tindikali. Mweleze ulikokulia.

Na kwa aliyenitumia ujumbe kuhusu zile brakiti za kujifunga: si teknolojia ya jana, brakiti iliyoitwa Russell lock ilikuwepo 1935. Zina kilango badala ya raba, zinarahisisha kazi yangu na chakula hakishiki sana. Kwamba zinamaliza matibabu nusu ya muda, majaribio ya kulinganisha hayakuonyesha hivyo.


UstadhiMikanjuni

Raba za kuvuta taya la juu na la chini, mwezi wa Ramadhani zinavaliwaje? Kijana wangu anazivua mchana kutwa.


KoleoNaWaya

Sheikh, mchana akiwa hali ndiyo wakati zinafanya kazi vizuri, maana hana sababu ya kuzivua. Azibadilishe futari na daku. Upande wa fiqhi wewe ndiye mwenye neno.


MzeeWaPongwe

Nilifungwa waya nikiwa kijana, meno yakanyooka, leo ya chini yamepandana tena. Nilidanganywa?


KoleoNaWaya

Hapana, mzee wangu, shikamoo. Nyuzi za fizi zinakuwa zimevutika, na zinachukua miezi mingi kujipanga upya. Ukitoa waya ukaachia, zinalirudisha jino. Na hata bila hizo, meno ya chini ya mbele yanabanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa ambaye hakuwahi kufungwa. Ndiyo maana baada ya brakiti anapewa pleti ya kushikilia, ile ya Hawley yenye upinde wa waya wa milimita 0.7 mbele, au waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno kwa ndani. Hapo waya hautakiwi kusukuma kabisa, ndiyo maana kwenye pleti tunatumia mnene.

Kama fizi zako ni nzima, umri si kizuizi, mfupa wa mzee nao unajibu, polepole kidogo. Ukipewa pleti usiioshe kwa maji ya moto. Plastiki yake inapinda, na utaniletea hapa useme fundi kakosea.